Baki la Katikati

Gando, Pemba
8 Februari 1959

Binamu Msellem,

Salamu za nyumba nzima zimo katika karatasi ya kaka Mgeni. Ameziandika kwa mtindo wake, ng'ombe kwanza, watu baadaye, kwa hiyo mimi naziruka.

Barua yako niliipokea Wete nilipotoka kufundisha, nikaanza kuisoma njiani. Mtu wa baiskeli alinipigia kengele mara nyingi, kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati ya njia. Nilikuwa nimefika pale unaposema kwamba sheria za vitu hazijali mahali. Jiwe likianguka Gando au likianguka Pujini, huanguka vile vile. Na kwa sababu hiyo tu, msukumo wa vitu haupotei. Tena sheria hazijali siku, jana au kesho, na kwa sababu hiyo nishati haipotei.

Msellem, mimi nilifundishwa Unguja kwamba msukumo haupotei. Niliandika katika mtihani, nikapata alama. Hakuna aliyeniambia kwamba haupotei kwa sababu ulimwengu hautofautishi Gando na Pujini. Kumbe nilikuwa nimepewa tunda bila kuonyeshwa mti. Tangu siku hiyo nikitazama kitu chochote najiuliza: hiki nikikigeuza, nikikisogeza, nikikitazama huku natembea, ni kipi ambacho hakitabadilika? Ulinganifu, umeuita. Neno zuri. Nimelifundisha darasani na sasa wasichana wangu wanakunja karatasi siku nzima.

Nina swali, na nakuomba usiniambie kwamba ni la kitoto. Kusogeza kitu ni jambo moja. Kukiendesha, yaani kukipa mwendo ulio sawa, ni jambo jingine, na yote mawili sheria haziyajali. Sasa nikiyachanganya: nisogeze, niendeshe, kisha nirudishe nilichosogeza, kisha nisimamishe nilichoendesha. Je, nimerudi nilipoanza hasa? Nikichora kwa jiwe, narudi. Lakini wewe umesema vitu vidogo kabisa, kama elektroni, haviandikwi kama mawe. Vinaandikwa kama mawimbi. Wimbi nalo linarudi? Nimejaribu, sina zana za kutosha. Nahisi kuna kitu kinabaki.

La mwisho. Mtihani wa kuingia huko chuoni nimefaulu. Nimepewa nafasi ya mwakani, hisabati na fizikia, katika bweni la wasichana. Ofisi ya elimu inangoja neno la baba tu. Baba amesema atafikiri. Wewe umesoma Kurani kwake, unamjua. Anapofikiri huwezi kujua kama ameshakataa au bado. Mimi kila asubuhi namtazama anavyokunywa uji wake, nikitafuta jibu usoni.

Nijibu upesi, swali kwanza.

Mwanamize binti Jaribu


Kampala
2 Machi 1959

Binti Mwalim,

Hongera, na hongera tena. Ukija huku nitakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea wapi kabla mwalimu hajaniambia.

Swali lako si la kitoto. Nililichukua kama lilivyo, nikamuuliza mwalimu wetu baada ya somo. Akaanza kunijibu kwa haraka, kama anavyotujibu siku zote, akaandika mistari miwili ubaoni, akanyamaza. Akaifuta. Akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia nina binamu Pemba, mtoto wa shangazi yangu, anafundisha hesabu shule ya wasichana. Akanitazama, akaenda chumbani kwake, akarudi na makala iliyochapwa miaka minne au mitano iliyopita. Akasema, "Mwambie binamu yako kwamba kitu kinabaki kweli."

Sasa sikiliza. Kila wimbi la kitu kidogo lina kitu kama mshale wa saa ndani yake. Mshale wenyewe hatuuoni. Tunachoweza kuona ni tofauti tu baina ya mshale mmoja na mwingine. Ukifanya yale manne uliyoyaandika, sogeza, endesha, rudisha, simamisha, wimbi linarudi mahali pake, na umbo lake ni lile lile, na mwendo wake ni ule ule. Lakini mshale haukurudi. Umegeuka. Na pembe uliyogeuka inategemea mambo matatu: umesogeza umbali gani, umeendesha kwa kasi gani, na kitu chenyewe kina uzito gani. Nasema uzito ule wa asili, ambao hata ukikipeleka kitu mwezini haupungui.

Soma tena hapo. Uzito, Mwanamize. Ule tuliofikiri ni tabia tu ya jiwe, kwamba jiwe ni zito kwa sababu ni jiwe. Kumbe uzito ni kile kinachobaki ukisogeza na kuendesha kisha ukafuta yote.

Na baki hili lina tabia ya ajabu. Wanahisabati husema liko katikati, kwa maana halibishani na lolote. Kigeuze kitu kabla yake au baada yake, kisogeze kabla au baada, ni mamoja. Mengine yote yanabishana nani atangulie. Lenyewe linakaa kati kama mtu mzima barazani, kila mtu anamheshimu na yeye hamwingilii mtu.

Nimeiandika hesabu yote na imetoka sawa. Lakini nakwambia kweli, sioni. Mkono umefika, jicho halijafika. Wewe watoto unawafundisha kugawanya kwa kete za bao na kokwa za tende. Nitafutie na mimi kitu cha kushika mkononi.

Kuhusu Mwalim, baba yako, usimsukume. Mimi alinifikiria wiki nzima kabla ya kuniruhusu kuhama juzuu.

Msellem bin Pandu


Gando
19 Aprili 1959

Msellem,

Idi imepita, na kitu cha kushika mkononi nakiambatisha na barua hii. Mgeni amekifunga katika karatasi ya sukari. Mlaumu yeye kikifika kimepondeka.

Ramadhani yote tulikuwa tunashona kofia hapa nyumbani, kama kila mwaka, mama na mimi na jirani zetu, mchana wa saumu. Nilikuwa nashona ukanda wa pembeni, ule unaozunguka kichwa, na nawaza pembe yako. Unajua mshonaji anavyofanya: kabla ya kutia sindano hupanga maua yake yagawanyike sawa juu ya bafta, kitambaa chenyewe cheupe, ili akiuzungusha ukanda mwisho ukutane na mwanzo, na kiungio kisionekane. Kofia ambayo ua la mwisho halikutani na la kwanza ni kofia iliyoharibika. Mkono wangu ukasimama. Nikajiambia: mshale wako ndio huu. Kitambaa kinarudi mahali pake, ua halirudi.

Basi nimeshona moja iliyoharibika kwa makusudi. Ishike kiungio kikiwa mbele yako, izungushe kwa kulia. Nimeigawa robo nne, na badala ya maua nimetia majani. Robo ya kwanza ni kusogeza kitu kilichotulia: majani yamesimama wima, hakuna kinachogeuka. Robo ya pili ni kuendesha: bado yamesimama. Robo ya tatu unarudisha, lakini sasa unarudisha kitu kilicho katika mwendo, na kila jani linalala kidogo kuliko lililotangulia. Hapo ndipo siri ilipo, Msellem. Kwenda na kurudi si sawa, kwa sababu ulikwenda umetulia na umerudi ukiwa na mwendo. Robo ya nne unasimamisha, na majani yanabaki yamelala vile vile. Ukifika kwenye kiungio, kitambaa ni kile kile ulichoanzia, na jani la mwisho limelala ubavuni mwa jani la kwanza lililosimama. Elektroni ingelilaza jani kidogo tu. Kitu kizito zaidi kingelipindua.

Nilipomaliza jani la mwisho nilicheka peke yangu. Sijui kama umewahi kupata hali hiyo, kwamba jambo ulilolijua kwa maneno linaingia vidoleni. Nilitaka kumwambia mtu na hakuna wa kumwambia.

Mama naye amenishangaza. Aliponiona naunga mwisho usiofanana na mwanzo hakunikosoa, na kukosoa ndiyo desturi yake. Aliniuliza tu kofia ni ya nani. Nikamwambia ni ya Msellem. Akasema "ehe", akaenda ndani, akaniletea uzi wa hariri aliokuwa ameuficha tangu harusi ya dada yake. Nadhani ameanza kupenda hisabati.

Baba bado anafikiri. Juzi aliniuliza bweni la wasichana lina ukuta au halina. Nimeichukua kuwa dalili njema.

Niambie kama jicho limefika.

Mwanamize


Kampala
17 Mei 1959

Mwanamize,

Sijui hata nianze vipi.

Imefika, haikupondeka. Niliifungua mbele ya Abrahman, yule mwenzangu wa Mgogoni ninayelala naye chumba kimoja. Kabla sijaigusa alishaishika yeye, akaipeleka dirishani, akapapasa hariri, akasema, "Yakhe, hii haikununuliwa dukani." Nikamnyang'anya. Nikaivaa. Imenikaa kana kwamba kichwa changu kilikuwa mbele yako ulipokuwa unashona.

Robo zako nne nimezizunguka kwa kidole mpaka nimezijua. Nimeelewa. Nimeelewa ulichokiandika na ambacho hukukiandika. Mimi ni mzito wa mambo haya, pengine ulikuwa unanisubiri muda mrefu na mimi nakuletea habari za elektroni.

Baba nimemwandikia siku ile ile.

Sina zaidi kwa leo. Darasani nilikuwa mbali kwa mawazo, mwalimu akapiga ubao kwa kiganja nikashtuka, darasa zima likanicheka. Sikujali.

Wako,
Msellem


Gando
14 Juni 1959

Msellem,

Barua yako ni fupi mno na haina hesabu hata moja. Nimefurahi kwamba umeelewa, lakini umeelewa nini hasa? Mimi nilitaka uniambie kama robo ya tatu iko sawa, kwa sababu nina shaka na alama ya kutoa. Na mjomba Pandu anahusika nini na mambo haya? Au unataka akununulie vitabu?

Nina wazo jipya. Ikiwa baki liko katikati na halibishani na mtu, basi hakuna jaribio linaloweza kulionyesha kwa kitu kimoja peke yake. Ni lazima vitu viwili vyenye uzito tofauti vikutane na mishale yake ilinganishwe. Nitaliandika vizuri kesho, kuna wageni barazani na mama ananiita nipike chai.

Naendelea baada ya siku mbili.

Niliipika chai hiyo, Msellem, na halua nikaikata, bila ya kujua kwamba ni chai yangu mwenyewe. Walikuwa mjomba Pandu na wazee watatu wamevaa kanzu za Ijumaa siku isiyo Ijumaa. Niliona kanzu, na hata hivyo sikujua. Nilikuwa nawaza mishale. Walipoondoka mama alinikumbatia, akalia, akasema alijua tangu siku ya kofia. Mgeni alikuwa anacheka mlangoni. Akasema, "Dada, umeposwa, na ulivyo, utakuwa wa mwisho kuambiwa."

Ndipo nikaisoma tena barua yako, safari hii kwa macho ya watu wengine. Nikaisoma na ile yangu, niliyoikumbuka neno kwa neno. Kila sentensi inaweza kusomwa hivyo. Msichana anashona kofia Ramadhani nzima, ya hariri, anampelekea kijana asiye ndugu yake wa kunyonya, halafu anasema hakuna mwingine wa kumwambia. Mtoto mdogo hapa kwetu anajua maana yake. Nilikuwa najua na mimi. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na halikunijia kichwani hata mara moja, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa.

Sikukasirikia wewe. Wewe umesoma kilichoandikwa.

Lakini sikiliza lililo kubwa. Nilimwendea baba nikamwambia kofia ni somo la fizikia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mjomba Pandu hajapewa jibu bado, fatiha ya kukubali posa haijasomwa. Kisha akasema hivi, na nanukuu: "Nilikuwa nimekaribia kukuruhusu. Sasa ruhusa si yangu, ni ya atakayekuoa." Na bweni lile halichukui mke wa mtu, imeandikwa. Ofisi inataka neno kabla ya mwisho wa mwaka, nisipolipeleka nafasi anapewa mwingine.

Kwa hiyo kofia yangu mwenyewe ndiyo inayonifungia mlango. Nimekaa na jambo hili siku mbili na sina wa kumlaumu.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu yalivyo.

Mwanamize


Gando, Pemba
28 Juni 1959

Kwa mwanangu Msellem bin Pandu, Mungu amhifadhi ugenini.

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi ni wazima, karafuu zinaendelea vizuri, na shangazi yako anakusalimu.

Nakuandikia juu ya jambo ambalo umelianza wewe, au amelianza binti yangu, au halikuanzwa na mtu yeyote. Hilo ndilo ninalotaka kulijua.

Binti yangu anasema kofia ile ni somo. Mama yake anasema hakuna somo linaloshonwa kwa hariri. Mimi nimekaa baina yao, na chakula cha nyumba hii sasa kinapikwa kwa kimya, kila mmoja chungu chake. Nimemtaka binti anieleze hilo somo, akanieleza, na nakiri sikulifuata lote, ila niliona anavyolieleza. Mtu hawezi kusingizia uso ule.

Baba yako ni shemeji yangu na rafiki yangu. Nikimkatalia bila sababu nitamvunjia heshima mbele ya wazee aliokuja nao. Nikimkubalia kwa sababu ya kosa, nitakuwa nimemwoza mwanangu kwa kosa.

Nakuuliza kitu kimoja. Mimi si mshonaji, lakini nimeishi na washonaji. Kofia ya mfano haipimwi, hushonwa kama inavyotokea. Kofia ya mume hupimwa. Je, ile ilikukaa?

Ikiwa ilikukaa, basi ndani ya mkono wa binti yangu kulikuwa na neno, hata kama mdomo wake haulijui, na posa nitaikubali na ofisi nitawaambia hapana. Ikiwa haikukukaa, ilikuwa somo, nami nitakwenda kwa baba yako tunywe kahawa, na yatakwisha bila aibu ya mtu.

Usinijibu kwa kunifurahisha. Nimekufundisha kusoma, sikukufundisha kujipendekeza.

Nimewakataza wote humu kukuandikia mpaka nimalize kufikiri.

Wassalaam,
Mwalim Jaribu bin Msellem


Kampala
25 Julai 1959

Kwa Mwalim wangu Jaribu, shikamoo, na assalaam alaykum.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kama tulivyokuwa tukisimama mbele yako.

Mwalim, kofia haikunikaa. Ilikuwa ndogo. Nilijaribu kuivaa ikabaki juu ya utosi kama kifuniko cha birika, na nilipoinama ilianguka. Nikajaribu kuilowesha ili itanuke, haikutanuka. Sasa anaivaa mwenzangu Abrahman, ambaye kichwa chake ni kidogo, na hata yeye inambana. Kwa hiyo ni dhahiri haikupimwa.

Ilikuwa somo, na mimi ndiye niliyeliomba. Barua yangu ya Machi ipo, nilimwandikia anitafutie kitu cha kushika mkononi. Alinipa nilichomwomba, nami nikakisoma nilivyotaka kukisoma. Kosa ni langu lote.

Posa naiondoa. Baba nimeshamwandikia kwa mkono wangu kwamba nimeharakisha, kwamba bado nasoma na sina pa kumweka mke. Ataudhika. Nikija likizo nitamwomba radhi, na wazee wale watatu pia, mmoja mmoja.

Nakuomba kitu kimoja, na kama ni utovu wa adabu nisamehe. Mwalimu wetu hapa amefundisha wanafunzi wengi. Swali la binti yako lilimnyamazisha. Mimi niliona. Hakunyamaza kwa sababu hajui; alinyamaza kwa sababu hakutegemea kuulizwa. Huku tuko wengi tunaojibu, Mwalim. Wanaouliza hivyo sijawaona.

Mwanafunzi wako,
Msellem bin Pandu


Gando
21 Februari 1960

Msellem,

Ninakuja.

Nilitaka neno hilo likae peke yake kwanza. Sasa nieleze.

Baba alifikiri mpaka mvua za vuli zikaisha. Barua yako aliiweka ndani ya kanzu, na hakuna aliyejua ina nini. Mimi nilikwenda Wete na kurudi kila siku nikifundisha kugawanya, na kila nilipopita mbele ya ofisi ya elimu nilitazama upande wa pili wa njia. Disemba ilipokaribia kwisha, baada ya Alasiri, akatuita mama na mimi, akavaa miwani, akatusomea barua nzima kwa sauti. Alipofika kwenye kifuniko cha birika mama alicheka kwa kujizuia. Alipofika kwenye kichwa cha Abrahman mimi niliinamisha macho, kwa sababu ile yako ya Mei ilikuwa chini ya mto wangu, na humo kofia ilikukaa.

Baba akaikunja barua. Akasema, "Kichwa cha mtoto huyu kilikuwa kinainama mbele yangu miaka sita. Kofia niliiona ikishonwa. Huyu anasema uongo."

Nilijua kwamba yamekwisha. Nikaanza kuhesabu moyoni nitafundisha nini muhula ujao.

Kisha akasema, "Lakini uongo wake haumpi yeye kitu. Unamnyima." Akakaa. Akatwambia kwamba watu wengi wamemdanganya maishani, barazani na msikitini na penye karafuu, na kila mmoja alikuwa anavuta upande wake. Huyu ni wa kwanza kumwona anasukuma. Akaniuliza kama ningependa amwandikie kumwambia ameshamjua. Nikasema hapana. Akaniambia niseme tena lile somo, polepole, na nisitumie maneno ya Kizungu. Nikalisema. Sogeza, endesha, rudisha, simamisha. Safari hii aliuliza maswali, na moja lilinichukua muda kulijibu. Asubuhi yake akavaa viatu, akaenda Wete kwa miguu, akatoa neno kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ofisa. Aliporudi aliomba uji.

Kwa mjomba Pandu alikwenda pia, wakanywa kahawa. Najua kwamba baba yako hakukuandikia muda mrefu. Najua umeshaomba radhi kwa wale wazee, kwa barua, bila kungoja likizo, maana mmoja alimhadithia Mgeni. Sina maneno ya kutosha kwa hilo, na sitayatafuta.

Kuna jambo nikuambie, kwa kuwa baba ameuliza swali sahihi na wewe umelijibu vibaya kwa ajili yangu. Kofia niliipima. Somo halikuhitaji kipimo. Uliacha kwetu kofia yako ya zamani siku uliyosafiri, nikaifuata mzunguko wake kwa uzi kabla sijakata bafta. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango anapotoka. Kwa nini nilifanya, nimejiuliza tangu Juni na sijapata jibu la kukuandikia. Ukitaka jibu leo, nitasema sijui. Sijui si hapana. Nimekuja kuona kwamba naogopa kujibu kitu chochote kabla sijamaliza kukiuliza, na hiki sijamaliza. Unaweza kungoja au usingoje. Vyovyote nitakuwa darasa la nyuma yako na nitakusalimu.

Sasa yaliyonifanya nisilale vizuri, na haya ni ya furaha tupu.

Swali la baba lilikuwa hili: hilo linalobaki, linatoka wapi? Nikamwambia halitoki popote, lipo tu, katikati. Akasema hakuna kitu kinachobaki bila ya kuwa kimetoka mahali. Nikamwona kama hakuelewa. Lakini neno lake lilinikaa. Katika makala uliyoninukulia, kasi zote ni ndogo, na saa ya anayekwenda na saa ya aliyetulia ni moja. Sisi tunajua kwamba si kweli. Ukikaribia kasi ya mwanga, saa haziendi sawa. Basi nikafanya yale manne upya, kwa kanuni za kasi kubwa. Karatasi nimemaliza, nikaandikia nyuma ya madaftari ya watoto yaliyokwisha.

Hutarudi hasa ulipoanza, Msellem. Mahali ni pale pale, lakini saa imesogea. Imesogea kidogo sana, umbali mara kasi ugawanye kwa kasi ya mwanga mara yenyewe, yaani kwa mraba wake. Nilidhani nimekosea. Kisha nikauliza: katika muda ule mdogo, mshale wa kitu kilichotulia hugeuka kiasi gani? Kitu kilichotulia kina nishati ya uzito wake, na mraba wa kasi ya mwanga umo humo pia, juu. Wa juu ukafutana na wa chini. Ikabaki pembe ile ile. Ile ile kabisa, uzito mara kasi mara umbali.

Baki lilikuwa muda. Sisi tulipoichukua dunia kuwa na saa moja tuliufuta muda ule, na mshale peke yake ndio uliokataa kufutika. Na tena halikai katikati. Likifanyiwa hesabu nzima linabishana na mwendo kama mengine yote. Halikuwa mtu mzima wa barazani. Lilionekana limetulia kwa sababu tulikuwa tunalitazama kutoka mbali.

Nilikimbia mpaka kisimani alikokuwa mama na ndoo, nikamwambia baki ni muda. Akaniuliza kama nimekula.

Pengine kuna mtu ameshaliandika hili, na pengine nimekosea mahali. Alama za kutoa bado zinanisumbua. Nitajua. Meli ya Unguja inaondoka Wete wiki ijayo, kisha Mombasa, kisha hiyo treni yako unayoilalamikia kwa Mgeni. Mgeni atanifikisha Mombasa. Mama ameshafunga sanduku, akalifungua, akalifunga tena.

Mwalimu wako usimwambie kitu. Usiliandike ubaoni, na Abrahman usimwonyeshe. Nataka niliseme mwenyewe, nimesimama, na wao wakinitazama.

Mwanamize binti Jaribu